Mzinga wa Shubiri Moja

Nchi ninayoisimulia msiitafute kwenye ramani, mtaumiza macho bure. Iko, lakini iko pale ambapo mchora ramani alitua kikombe chake cha chai akaacha duara la kahawia. Inaitwa Jamhuri ya Bonde. Imepakana na Jamhuri ya Mlima upande mmoja na Jamhuri ya Nyika upande wa pili, na nchi hizi tatu ni ndugu wa damu, kiasi kwamba wajumbe wao wakikutana hukumbatiana kwanza ndipo wakaguane mifuko.

Mwaka huo marais wa nchi hizo waliona kwamba undugu wa kukumbatiana hautoshi. Walikuwa wamesikia kwamba mataifa makubwa hushirikiana kubuni na kuunda silaha, tena hupiga picha wakiwa wamezishika. Basi wakatia saini Mkataba wa Mzinga wa Undugu, kurasa mia mbili na kumi, wa kuunda mzinga mmoja mkubwa ambao adui akiusikia tu atahama. Jina la adui liliachiwa nafasi ya nukta nukta kwenye ukurasa wa nne. Kila aliyependekezwa aligundulika kuwa ni mkwe wa waziri fulani, wakaona wamjaze baadaye.

Kazi iligawanywa ili kila taifa lipate fahari yake. Nyika ingeunda mtutu. Mlima ingeunda kombora. Bonde ingeunda gari la kubebea mzinga na kuunganisha vyote pamoja, kwa sababu Bonde ndiko kulikokuwa na karakana. Na ndani ya karakana hiyo alikuwamo Nyamizi Lubango.

Nyamizi alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine ya kukerezea vyuma. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi mkuu wa Karakana ya Taifa ya Pampu za Visima. Ukiona mahali popote Bonde mwanamke anasukuma mpini maji yanatoka, ujue chuma kile kilipita mikononi mwa Nyamizi. Hakuwahi kuandikwa gazetini hata siku moja, wala halikumsumbua.

Sasa Waziri wa Ulinzi, Mheshimiwa Tegemea, alifika na msafara wa magari tisa, akashusha kibao cha pampu na kupandisha kibao kipya: KITUO CHA SILAHA ZA UNDUGU, HARUHUSIWI MTU. Pampu kumi na nane zilizobakiza siku chache kukamilika zilisukumwa ukutani zikafunikwa turubai.

"Usinune, Fundi," Waziri alisema. "Karakana yako utarudishiwa siku mzinga utakapolia. Siku hiyo hiyo."

"Na usipolia, Mheshimiwa?"

"Mzinga wa mataifa matatu usilie! Wewe mama una utani."

Pampu moja kati ya zile kumi na nane ilikuwa ya kijiji cha Makorongo, na Makorongo ndiko alikoishi mama yake Nyamizi, Bi Mwasiti. Kisima chao kilikuwa kimekufa mwaka wa pili huo. Bi Mwasiti, na miaka yake sabini na tano, alikuwa akitembea na ndoo hadi mtoni na kurudi, na kila Jumamosi alikuwa akimpigia mwanawe simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pampu imefika wapi?"

"Kwanza tunamalizia mzinga, mama."

"Huo mzinga unavuta maji?"

"Hapana, mama."

"Haya. Mimi naenda mtoni."

Nyamizi alikuwa akikata simu na kurudi kazini. Alimpenda mama yake, na iliuma kuona mikono iliyotengeneza maji ya nchi nzima imeshindwa kumpatia maji mtu mmoja. Kwa hiyo aliomba mzinga ule ukamilike upesi kuliko hata majenerali walivyoomba.

*

Hapa lazima niwaeleze desturi moja, maana bila hiyo mtadhani watu hawa hawakuwa na akili, na walikuwa nayo tele.

Katika nchi hizi tatu kipimo halali cha urefu ni shubiri ya Mheshimiwa Rais, kuanzia ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umetanuliwa. Rais akiapishwa leo, kesho yake huweka kiganja juu ya bamba la shaba, bamba linakatwa alama, na vipimo vyote vya nchi vinafuata. Rais wa zamani wa Bonde alikuwa na kiganja kidogo. Alipoingia wa sasa, mwenye kiganja cha kadiri, wananchi wote walifupika ndani ya siku moja, na nusu ya askari wa gwaride waliachishwa kazi kwa kukosa urefu. Hakuna aliyelalamika. Ungelalamikaje kuhusu mkono wa Rais?

Mkataba ulisema: upana wa tundu la mtutu utakuwa shubiri moja, na unene wa kombora utakuwa shubiri moja kasoro unywele. Kila mjumbe aliusoma akaridhika, akaenda kwao kufanya kazi kwa kipimo cha kwao, kama mzalendo yeyote angefanya.

Sasa Rais wa Mlima alikuwa jitu. Akikushika mkono, wako ulipotea mpaka kiwiko. Rais wa Nyika, kwa upande wake, alikuwa mtu mwembamba, mwenye vidole vya kushikia sindano. Haya yote yalionekana kwenye picha za magazeti, lakini katika Nyika ilikuwa ni hatia kusema mkono wa Rais ni mdogo, na katika Mlima ilikuwa ni hatia kusema kuna mkono mwingine wowote.

*

Vifaa vilifika Bonde siku moja kwa njia mbili. Mtutu ulikuja na Jenerali Pazia wa Nyika, ukiwa umevingirishwa mablanketi kumi na mawili. Kombora lilikuja na Jenerali Ngurumo wa Mlima, ndani ya sanduku lenye makufuli manne. Bonde nayo ilimtoa Jenerali Subira, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakaribisha chai.

Tatizo la kwanza lilikuwa la usalama. Nyamizi alikuwa raia wa Bonde, na mtutu ulikuwa siri ya Nyika, na kombora lilikuwa siri ya Mlima.

"Fundi hawezi kuutazama mtutu wetu," Jenerali Pazia alisema.

"Nitauunganishaje bila kuutazama, Afande?"

Majenerali walijifungia siku mbili. Walitoka na vibali viwili vyenye mihuri. Jicho la kushoto la Nyamizi liliruhusiwa kuona mtutu, na jicho la kulia liliruhusiwa kuona kombora. Alifungwa kitambaa, kikawa kinahamishwa kutoka jicho hadi jicho kadiri kazi ilivyokwenda, na kila kilipohamishwa karani aliandika saa.

Hata kwa jicho moja moja, fundi ni fundi. Aliupapasa mdomo wa mtutu, kitambaa kikahamishwa, akalipapasa tumbo la kombora. Akasimama. Kombora lilikuwa limezidi tundu la mtutu kwa vidole vitatu.

"Endelea, Fundi," Jenerali Ngurumo alisema.

"Haliingii, Afande."

"Halijajaribiwa."

Likajaribiwa. Askari wanane walilisukuma huku wakiimba. Lilikaa mdomoni mwa mtutu, likakataa kwenda mbele hata kidogo. Jenerali Pazia alisema labda kombora limevimba kwa safari, likawekwa kivulini na kupepewa. Jenerali Ngurumo alisema labda mtutu umesinyaa kwa baridi ya Bonde, ukaanikwa juani na kuwashiwa moto wa kuni pembeni. Jenerali Subira alipendekeza samli. Ndoo mbili za samli zilipakwa, kombora likateleza na kumwangukia karani kwenye kiatu, naye akaandika saa.

Baada ya hapo ziliundwa kamati ndogo tatu. Ya kwanza ilichunguza tabia ya kombora. Ya pili ilichunguza nia ya mtutu. Ya tatu ilichunguza samli. Kila mtu ndani ya karakana ile, kuanzia majenerali mpaka mama wa chai, alikuwa anajua sababu, na kila mtu alitazama pembeni.

Waziri Tegemea alimvuta Nyamizi nyuma ya mashine.

"Fundi, wewe sababu unaijua?"

"Naijua, Mheshimiwa."

"Kweli kabisa unaijua?"

"Kabisa."

"Basi usiniambie," Waziri alisema, akajifuta jasho. "Nina watoto."

Wiki zilipita. Jumamosi moja simu ya Bi Mwasiti haikuja. Alipiga jirani yake, akasema mama ameteleza mtoni, amevunjika mkono, amefungwa plasta, na sasa anaombewa maji ndoo kwa ndoo. Nyamizi alilitazama turubai pale ukutani, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Pampu ya mama yake ilikuwa hatua kumi kutoka aliposimama. Yeye aliyeitengeneza hakuruhusiwa hata kuifunua, kwa sababu ya vidole vitatu ambavyo watu wazima wenye nyota mabegani walikuwa wanaogopa kuvitaja.

Asubuhi iliyofuata aliomba nafasi ya kusema mbele ya Kamati Kuu ya Undugu.

*

Kamati iliketi karakana humo humo, kila ujumbe na bendera yake. Waziri Tegemea alimwona Nyamizi akisimama, akafumba macho.

"Waheshimiwa," Nyamizi alianza, "mimi ni mtu wa vyuma, sijui kusema. Ila nimegundua kosa, na kosa ni letu sote. Tumewakosea adabu marais wetu."

Jenerali Pazia aligusa kibali cha jicho la kushoto, tayari kukifuta.

"Mkono wa Rais ni wa kuapia," Nyamizi aliendelea. "Ni wa kupungia wananchi na kubeba watoto siku ya kupiga picha. Sisi tumeuchukua mkono huo tukaupeleka kwenye moto, kwenye grisi, kwenye tundu la mtutu! Hivi kweli, Afande Ngurumo, mkono wa Mheshimiwa wako ni wa kupimia tumbo la kombora?"

"Ni fedheha," Jenerali Ngurumo alisema taratibu, kama mtu anayeamka.

"Na wewe Afande Pazia, mkono wa Mheshimiwa wako uingizwe kwenye bomba?"

"Haiwezekani! Nani alifanya hivyo?"

"Ni sisi wote. Chuma kipimwe kwa mkono wa mtu mdogo tu, asiye na cheo, ambao ukichafuka hakuna taifa litakalohuzunika. Upimwe mtutu upya, lipimwe kombora upya, kwa mkono mmoja. Mzinga utalia."

Walipiga makofi mpaka kuku waliokuwa nje wakakimbia. Hakuna aliyekuwa amesema mkono wa nani ni mdogo, wala wa nani ni mkubwa, na heshima ya mataifa matatu ilikuwa imebaki bila mkwaruzo. Waziri Tegemea alifumbua jicho moja.

Likabaki swali la mkono wenyewe. Nyika ilikataa mkono wa mtu wa Mlima. Mlima ilikataa wa mtu wa Nyika. Zote mbili zilikataa wa ofisa yeyote wa Bonde. Ndipo Jenerali Subira, ambaye hakuwa amesema kitu tangu mambo ya samli, alinyoosha kidole.

"Huyu Fundi hana cheo chochote," alisema. "Na tayari macho yake yana vibali."

Ikapitishwa bila kupingwa. Nyamizi aliweka kiganja cha kulia juu ya bamba la shaba, likakatwa alama, na Shubiri ya Muungano ikazaliwa. Alidhani ni kazi ya dakika moja. Aliufuta mkono kwenye ovaroli, akaanza kuelekea kwenye turubai lake.

"Simama hapo hapo!" majenerali watatu walisema kwa pamoja, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana bila kamati.

Mkono ule sasa ulikuwa siri ya kijeshi. Ukiujua ukubwa wake, unaujua upana wa mzinga. Siku hiyo hiyo ulivalishwa glovu ngumu ya ngozi yenye kufuli tatu, na kila jenerali akachukua ufunguo wake. Nyamizi alikatazwa kusalimiana kwa mkono, kupunga, kukanda unga na kushika spana. Zile pampu kumi na nane nazo, ambazo zilikuwa na alama za vidole vyake kila mahali, zilitangazwa kuwa nyaraka za siri, zikaongezewa turubai la pili.

Alilia, na sioni sababu ya kumficha. Alikaa kwenye kigoda akalia kwa kwikwi, kwa mkono mmoja, maana ule mwingine haukuruhusiwa kufuta machozi.

*

Siku arobaini zilipita hivyo. Nyika ilikuwa inachonga mtutu mpya, Mlima inamimina kombora jipya, na Nyamizi anashinda kwenye kigoda kama mgeni aliyechelewa kuagwa. Alipewa ruhusa ya kwenda Makorongo kumwona mama yake, akisindikizwa na majenerali wote watatu, kwani hakuna ufunguo uliokubali kubaki nyuma ya mwenzake.

Bi Mwasiti alikuwa ametolewa plasta siku ile. Aliwapokea wageni barazani, akawaonyesha mkono wake.

"Hebu tazameni, wanangu. Wiki sita tu umefungwa, umekuwa kijiti. Hata kukunjua vidole siwezi. Shubiri yenyewe hii haifiki nusu ya ile niliyokuwa nayo."

Majenerali watatu waliutazama mkono wa bibi. Halafu, polepole, wakageuka na kuitazama glovu.

Nyamizi naye aliwaona walivyoitazama. Uso aliuacha mkavu.

"Na mimi nausikia unakaza, Afande," alisema kwa upole. "Hasa huku kwenye gumba. Lakini si neno. Nchi kwanza."

Funguo tatu zilitoka kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana katika majeshi hayo. Glovu ikavuliwa, bamba la shaba likaletwa kutoka kwenye gari, mkono ukawekwa. Vidole viligoma kutanuka. Shubiri ya Muungano ilikuwa imepungua kwa nusu kidole, na kwa desturi kipimo ni mkono wenyewe, bamba ni nakala tu.

"Mtutu uko motoni!" Jenerali Pazia alisema, akashika kichwa. "Nimesaini mwenyewe!"

"Kombora limeshamiminwa!" Jenerali Ngurumo alisema.

"Mama yangu," Jenerali Subira alimwambia Bi Mwasiti, "mkono kama huu unarudishwaje?"

"Kwani ulikuwa unafanya nini zamani?" Bi Mwasiti aliuliza.

"Pampu," Nyamizi alisema.

"Basi si mnajua la kufanya. Mnaniuliza mimi nini?"

Amri ilitolewa pale pale barazani, ikaandikwa juu ya goti, ikagongwa mihuri mitatu. Mkono wa Muungano urejeshwe mara moja kwenye mazoezi yake ya asili. Pampu zisiitwe tena pampu, ziitwe Mitambo ya Kutunza Kipimo. Kwa kuwa mambo haya ni siri, hakuna mtu atakayemsaidia Fundi isipokuwa maofisa wenye kibali, na wenye kibali walikuwa watatu tu duniani.

Ndiyo maana wiki iliyofuata wakazi wa Makorongo waliwaona majenerali watatu wamevua makoti yenye medali wakayatundika kwenye ua wa kisima. Jenerali Ngurumo alikuwa amebeba bomba begani. Jenerali Pazia, ambaye alionekana kuwa na kipaji ambacho jeshi la Nyika halikuwahi kukijua, alikuwa anakaza nati. Jenerali Subira alishika upande wa pili wa kila kitu.

"Spana kumi na saba, Afande," Nyamizi alisema. "Hiyo ni kumi na tisa. Angalia vizuri."

"Samahani, Fundi."

Wanawake wa kijiji waliapishwa mmoja mmoja, kwa kuinua mkono, kwamba watateka maji bila kupima mpini wala bomba kwa shubiri, mguu wala kamba. Waliapa kwa sauti kubwa. Wangeapa chochote siku ile.

Pampu ilikohoa mara mbili, ikatema kutu, halafu maji yakaja. Yalikuja mengi, ya baridi, na Bi Mwasiti akajaza kata yake akanywa bila kupumua. Nyamizi alimtazama, akacheka peke yake kwa furaha.

Baada ya miezi mitatu, pampu zote kumi na nane zikiwa zimesimama na nyingine thelathini zikiwa zimeanza, Kamati Kuu ilikuja Makorongo kukagua kipimo. Bamba likawekwa juu ya ukuta wa kisima. Nyamizi akatanua mkono wake, ulionona kwa kazi na kulegea kwa grisi. Vidole vilipita alama ya zamani. Vilipita kwa unene wa kidole kizima.

Jenerali Pazia aliinama akatazama, akasimama, akatoa daftari.

"Shubiri imekua," alisema. "Mtutu utaanzwa upya."

"Kombora pia," Jenerali Ngurumo alisema, akakunja mikono ya shati. "Fundi, leo tunakwenda kisima gani?"

Bi Mwasiti alikuwa ameketi kando, ndoo yake imejaa mbele yake. Aliwaita majenerali, akawamiminia maji kila mmoja kwa kata.

"Na ule mzinga wenu, wanangu," aliuliza, "utakuwa tayari lini?"

"Labda mwakani, mama," Jenerali Subira alijibu. "Mungu akipenda."

Bi Mwasiti aliutazama mpini wa pampu, akamtazama mwanawe ambaye tayari alikuwa anapakia mabomba kwenye lori la jeshi.

"Msiharakishe," alisema. "Fanyeni taratibu, msije mkakosea."